Wakuu, lile "jiwe la dhahabu" la angani: kabla hamjaanza kugawana mabilioni pitieni hapa

Mizani ya Buguruni

Wakuu habari za muda huu.

Kuna meseji inazunguka kwenye magrupu ya WhatsApp, la mtaa limeingia, la ukoo limeingia, hadi la kikoba, kwamba NASA, lile shirika la anga la Marekani, wamegundua jiwe la dhahabu angani lenye thamani ya dola 10,000,000,000,000,000,000 na likigawanywa kila mtu duniani anaondoka na zaidi ya dola bilioni moja. Shangazi yangu kashanipigia kuuliza hizo hela zinapita kwa namba ya simu au lazima uwe na akaunti benki. Nimecheka lakini nikaona acha nishushe uzi, maana hii kitu naifuatilia kitambo na wala si kwa sababu ya hela.

Kazi yangu ni kununua vyuma chakavu hapa Buguruni, wengi humu mnanijua. Sasa ukikaa kwenye mizani kila siku unapata tabia moja, mtu akikuletea mzigo huulizi anasema ni nini, unauliza una uzito gani na una ukubwa gani. Kwa hiyo nimelipima hili jiwe hivyo hivyo.

Kwanza hakuna aliyeligundua juzi. Linaitwa 16 Psyche na lilionwa tarehe 17 Machi 1852 na Mtaliano anaitwa Annibale de Gasparis akiwa Naples. Mwaka huo hapa kwetu palikuwa Mzizima tu, kijiji cha wavuvi, Sultan Majid hajaanza hata kujenga. Hiyo 16 maana yake ni asteroidi (yale mawe yanayozunguka jua) ya kumi na sita kugunduliwa, basi.

Lipo kwenye ule mkanda wa asteroidi kati ya sayari za Mirihi na Mshtarii, na kwenye huo mkanda lipo upande wa nje. Likisogea sana kwa jua linakuwa km milioni 378, likienda mbali linafika km milioni 497. Mwaka wake ni kama miaka yetu mitano, ila siku yake ni saa nne na dakika kidogo, yaani jua linachomoza na kuzama kabla hujamaliza zamu. Ukubwa wake sehemu pana kabisa ni km 280, kwa anayesafiri hiyo ni kama kutoka Dar mpaka Mikumi. Si la mviringo, limekaa hovyo hovyo.

Dhahabu sasa. Hakuna mtu aliyepima dhahabu kule. Kinachodhaniwa kuwepo kwa wingi ni chuma na nikeli, na ile namba ya kutisha ilitokana na hesabu ya CHUMA. Aliyeisema ni mama mmoja profesa, Lindy Elkins-Tanton, wakati huo akiwa Chuo Kikuu cha Arizona State, ndiye mkuu wa misheni ya kwenda huko. Watu wa habari walitaka kujua lingeuzwa lingekuwa bei gani, akapiga hesabu ya kufikirika tu, na yeye mwenyewe akasema ukilileta duniani soko linaporomoka na hiyo bei haipo tena. Nusu ya pili ya maneno yake haikuingia kwenye meseji ya shangazi.

Kugawanya wamegawanya vizuri, dola hizo kwa watu bilioni 8 kweli inatoka bilioni 1.25 kila mmoja. Tatizo ni mnunuzi. Dunia nzima inazalisha chuma cha pua na vyuma vya ujenzi kama tani bilioni 1.9 kwa mwaka. Lile jiwe lina uzito wa kilo 23 ikifuatiwa na sifuri 18. Tuseme nusu tu ndo chuma, hiyo ni nondo za kutosha dunia kwa miaka milioni 6. Nani atakuuliza bei ya kilo? Mimi hapa malori mawili matatu yakiingia kiwandani siku moja, bei inashuka kabla ya saa sita mchana na kijana mwenye mkokoteni anaanza kunitukana.

Naendelea chini, ngoja nipokee mzigo.

KijanaWaMbagala

Siti ya mbele nimekaa na karanga zangu. Endelea mkuu.

Nyakati Ngumu

Kwa hiyo unatuambia hela hamna. Uzi ufungwe.

Mzee Kobelo

Hizi zote chai. NASA hawajawahi kwenda popote, wanachora kwenye kompyuta halafu nyinyi mnashangilia. Wewe umefika huko ukapima kilo? Umetoa wapi hizo sifuri 18 na mizani yako ya Buguruni?

Mizani ya Buguruni

Mzee Kobelo shikamoo. Swali lako ni zuri na sijalichukulia vibaya.

Huhitaji kufika. Kitu kikubwa kinavuta kidogo kitu kingine kinachopita jirani yake, na huko kwenye mkanda asteroidi zinapitana miaka yote, wanaangalia njia ya ile nyingine imepinda kiasi gani wanapata uzito wa hii iliyoivuta. Ukubwa wanapata kwa kupiga rada, na kwa kusubiri jiwe lipite mbele ya nyota wakapima nyota imezimika kwa sekunde ngapi. Ukishakuwa na uzito na ukubwa unagawanya.

Na hapo ndipo utamu ulipo wakuu, hapa ndo sababu ya uzi wote.

Kuna vijana wanaleta viroba vya chuma, juu unaona bolti na vipande vya nondo, unapiga sumaku inanasa vizuri, lakini ukinyanyua mkono unakataa, kiroba ni kikubwa na uzito haufanani nacho. Ukimwaga unakuta kokoto chini. Sasa Psyche kwa miaka mingi ilipigwa rada ikarudisha mwangwi mkali kama chuma, watu wakasema hiki ni kipande cha chuma kitupu. Vipimo vya uzito vilipokuja kuwa vizuri ikaonekana kila sentimita ya ujazo ni kama gramu 4 tu, wakati chuma kitupu ni karibu gramu 8. Kiroba kina kokoto! Ama ndani kuna mapango na nafasi tupu, ama kuna mawe ya kawaida yamechanganyika. Sasa hivi wanasema chuma inaweza kuwa kati ya asilimia 30 na 60 ya ujazo wake. Kwa hiyo hata ile dola yenye sifuri 19 ilipigiwa kiroba kabla hakijamwagwa.

DadaTabata

Hahahaa NASA wamepigwa kama wanavyopigwa Kariakoo 😂

Ila kaka mimi nauliza, hilo haliwezi kuja kutuangukia? Maana umesema Dar mpaka Mikumi.

Mwalimu wa Fizikia

DadaTabata, haliwezi. Likiwa karibu kabisa na jua bado liko km milioni 378 kutoka kwenye jua, sisi tuko km milioni 150. Njia hazikutani hata kidogo, kati yetu kunabaki zaidi ya km milioni 200 siku zote. Yanayofuatiliwa kwa wasiwasi ni madogo yanayokatiza njia ya dunia, haya ya mkanda wa nje yametulia huko kwao.

Mleta mada umeeleza vizuri suala la densiti (uzito kwa ujazo) kuliko mimi ninavyolifundisha kidato cha kwanza, nitaliiba. Niongezee kitu kwa sababu umegusa "upande wa nje" ukapita.

Sehemu kubwa ya mawe ya huko nje ni meusi, yamejaa kaboni, na mengine yana dalili za maji. Huyo huyo de Gasparis aligundua matatu ya huko: 10 Hygiea mwaka 1849, Psyche 1852, halafu 24 Themis 1853. Hygiea ina upana wa km 430 hivi, ni ya nne kwa ukubwa kwenye mkanda wote lakini ilichelewa kuonekana kwa sababu ni nyeusi na iko mbali, ikapitwa na madogo yanayong'aa. Mwaka 2019 waliipiga picha kwa darubini kubwa ya kule Chile wakakuta ni duara kabisa. Themis nayo mwaka 2010 ilikutwa na barafu juu ya uso wake. Sasa katikati ya majirani hao weusi wenye barafu unamkuta huyu Psyche mwenye chuma. Ametoka wapi? Hilo ndilo swali la kisayansi lenyewe, na majibu yako mawili makubwa.

Moja, mwanzoni kabisa mwa mfumo wa jua kulikuwa na vijisayari vilivyopata joto kutokana na alumini ya aina fulani yenye mionzi, vikayeyuka, chuma kikazama katikati kama kilivyozama kwenye dunia yetu. Kimoja kikagongwa na kugongwa tena mpaka maganda yakabanduka yote ikabaki kokwa. Dunia nayo ina kokwa la chuma, lakini liko km 2,900 chini ya miguu yetu na shimo refu kuliko yote lililowahi kuchimbwa, kule Kola Urusi, lilifika km 12 na kidogo tu. Hatutalifikia. Psyche ikiwa kokwa kweli basi ndiyo nafasi yetu pekee ya kuangalia kitu kama hicho.

Mbili, haikuwa kokwa la kitu chochote, ilizaliwa hivyo hivyo mahali penye chuma kingi karibu na jua kisha ikasukumwa nje. Na mambo yamezidi kuvurugika, mwaka 2024 watafiti waliotumia darubini ya James Webb walitangaza kuona dalili za madini yaliyoshikana na kitu cha asili ya maji juu ya uso wake. Inaweza kuwa imegongwa na majirani wenye maji wakamwachia. Inaweza kuwa ni yake. Binafsi natamani jibu la pili liwe kweli, kwa sababu litatupa kazi zaidi.

KijanaWaMbagala

Mwalimu umeshusha nondo hadi nimesahau karanga.

Mnyiha wa Vwawa

Nyie watu wa Dar mnahangaika na cha km milioni 400 wakati kipande chenu kipo Mbozi, mkoani Songwe, hamjawahi hata kwenda kukiangalia.

Kimondo cha Mbozi ni chuma na nikeli. Asilimia 90 chuma, nikeli inakaribia 9, kinachobaki ni shaba na vitu vidogo vidogo. Kina urefu wa mita tatu hivi. Mimi nimekua najua ni tani 12, vitabu vingine vinaandika 16, wabishane wenyewe. Mwaka 1930 mpima ardhi mmoja ndiye aliyekiandika kikajulikana nje, na mwishoni mwa mwaka huo huo mtu wa jiolojia akaja akakata kipande cha sentimita kumi kwa msumeno wa mkono, kukata kwenyewe kulimchukua muda wa saa kumi. Ile alama ya msumeno ipo mpaka leo ukienda unaiona. Wakati ule kilikuwa kimezama nusu kwenye ardhi, wakachimba pembeni yake pande zote wakaacha nguzo ya udongo chini, wakaijengea zege. Ukikigonga na jiwe dogo kinalia kama kengele ya shule.

Mizani ya Buguruni

Mkuu Mnyiha umenipa raha, hicho ndo nilitaka kukileta jioni umeniwahi.

Kwa wasiojua, kile kipande walichokata ukikisugua kikawa laini ukakipaka asidi, inajitokeza mistari iliyokatizana, mirefu, imenyooka. Mimi chuma nimekata kwa grainda, kwa gesi, kwa kila kitu, hamna chuma cha kiwandani chenye ile mistari. Inatokea chuma na nikeli vikipoa polepole mno, tunaongelea maelfu hadi mamilioni ya miaka, na hilo linawezekana tu kama chuma kilikuwa kimefunikwa ndani ya kitu kikubwa cha kukihifadhi na joto. Kwa hiyo kile cha Mbozi kilishawahi kuwa katikati ya kitu. Sisemi kimetoka Psyche, hakuna aliyethibitisha hivyo, nasema ni ukoo wa mambo yale yale.

Mwalimu wa Fizikia

Na mkoa huo huo wa Songwe una kingine ambacho wengi hawajui. Tarehe 16 Desemba 1938 kilianguka kimondo Ivuna, kule bonde la Ziwa Rukwa, jumla gramu 700 na ushee tu. Ni cheusi, cha kaboni, kina madini yaliyoloa maji, yaani kinafanana na wale majirani weusi niliowataja. Ni adimu kiasi kwamba kundi zima la vimondo vya aina hiyo limepewa jina la Ivuna. Wajapani walipoleta gramu 5.4 kutoka asteroidi ya Ryugu mwezi Desemba 2020, walipopima wakasema hii inafanana na kundi la Ivuna. Kijiji cha kwetu ndicho kipimo! Kipande chake kipo London kwenye makumbusho, kimefungiwa kwenye naitrojeni kisiguswe na hewa. Wanafunzi wangu nikiwaambia hivi hawaniamini mpaka niwaonyeshe kwenye simu.

Nyakati Ngumu

Kwa hiyo chuma kiko Mbozi, cheusi kiko Ivuna, hela ziko wapi?

Kapuku Msomi

Nyakati Ngumu hela ziko Liganga mdogo wangu, pale Ludewa, mlima wa chuma tunausikia tangu tuko shule ya msingi, tani zaidi ya milioni mia, haijazaa kitu tukakishika mkononi. Sasa chuma cha Njombe kimetushinda ndo tukachimbe cha upande wa nje wa mkanda?

Halafu angalia gharama. Wamarekani walituma chombo kwenye asteroidi ya Bennu, ambayo iko karibu na sisi kabisa, wakatumia zaidi ya dola bilioni moja na miaka saba, Septemba 2023 wakarudi na gramu 121.6. Hiyo haijai kikombe. Kuna kampuni ziliibuka miaka ile ya 2012 zikasema zitachimba asteroidi, Planetary Resources na Deep Space Industries, zikaishia kununuliwa na wengine na biashara yenyewe ikafa. Februari 2025 AstroForge nao walirusha chombo chao kinaitwa Odin kikachungulie asteroidi moja, mawasiliano yakakatika. Siwacheki, kazi ni ngumu. Ila mtu akikuambia changia hisa za madini ya angani kwa elfu hamsini, mwambie hapana, na ukitoka hapo mblok.

DadaTabata

Ipo kweli hiyo ya elfu hamsini?? Kuna mtu kaniletea wiki iliyopita.

Kapuku Msomi

Ndo hiyo hiyo dada. Usitoe hata mia.

Mizani ya Buguruni

Nimerudi. Nimalizie ya safari yenyewe maana kuna mtu kaniuliza inbox chombo kimefika wapi.

Chombo nacho kinaitwa Psyche. Kilitakiwa kuondoka Agosti 2022 kikakwama, programu za kukiongoza hazikuwa zimejaribiwa vya kutosha, wakakubali kuchelewa mwaka mzima kuliko kukirusha na wasiwasi. Kikaondoka Florida tarehe 13 Oktoba 2023 juu ya roketi ya Falcon Heavy. Ratiba iliyowekwa ilikuwa Mei 2026 kupita Mirihi ili mvuto wake ukisukume na kukipindisha njia, halafu kufika Agosti 2029 na kukaa kinalizunguka kwa miezi 26. Hakitui. Hakichoti. Hakileti hata gramu moja, shangazi nisome hapo tafadhali.

Injini yake ndo imenimaliza. Kimebeba zaidi ya tani moja ya gesi ya zenoni, umeme wa jua unaichaji hiyo gesi inatupwa nyuma kwa kasi kubwa inatoa mwanga wa bluu, na msukumo wake wote ukiuweka kwenye mizani hii yangu ni kama gramu 24. Gramu! Ila inasukuma usiku na mchana miezi kwa miezi, mwisho kinakimbia kuliko risasi. Aprili 2025 presha ya gesi ilishuka kwenye bomba moja wakazima injini, wakahamia bomba la akiba, kikaendelea.

Kifuani kina kamera, kina kifaa cha kusoma uso wake umeundwa na elementi gani, kama chuma na nikeli, na kina kipima sumaku. Hicho cha mwisho ndo nakisubiri mimi. Kama lile jiwe limebaki na usumaku wa kale basi lilikuwa kokwa lililoyeyuka likizunguka, mjadala wa mwalimu hapo juu unapungua nusu.

Mzee Kobelo

Na hizo picha zitakujaje kutoka huko kama si kuchora? Mimi hapa Kigamboni nikivuka tu pantoni mtandao unakata.

Mwalimu wa Fizikia

Mzee, hicho chombo kimebeba pia kifaa cha majaribio cha kutuma data kwa leza. Tarehe 11 Desemba 2023 kikiwa km milioni 31 kilituma video safi kabisa ya paka anayekimbiza mwanga kwenye kochi, anaitwa Taters. Ilisafiri sekunde 101 ikapokelewa California kwa megabiti 267 kwa sekunde. Picha za kawaida za sayansi zitakuja kwa redio kama vyombo vingine, polepole ila zinafika.

KijanaWaMbagala

Megabiti 267 kutoka angani, ya paka. Mimi bando la wiki video ya sekunde thelathini inazunguka duara mpaka namaliza ugali.

Mzee Kobelo

Bado siamini. Ila hiyo ya Mbozi nataka kwenda, ile ni kitu unashika. Nauli inakuwaje na unashukia wapi?

Mnyiha wa Vwawa

Mzee Kobelo karibu sana nyumbani. Pale Mbezi stendi panda basi la Tunduma, usipande la kuishia Mbeya utapoteza muda kubadilisha. Mwambie konda akushushe Mlowo au Vwawa, ukishuka ulizia tu "kimondo", bodaboda wote wanajua, mpatane bei kabla hujapanda. Nauli uliza siku unayokata tiketi maana zinabadilika. Asubuhi kuna baridi, chukua sweta, na pale kuna kiingilio kidogo. Wajukuu wabebe.

Mizani ya Buguruni

Mzee na sumaku beba, ndogo tu ya spika. Ikinasa utuletee mrejesho humu.